Besi ya Milioni Nane

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha besi alinitumia picha ya gitaa na swali la maneno matatu: "Mwalimu, ninunue hii?"

Lilikuwa gitaa la besi la nyuzi tano, limetengenezwa kwa mkono katika karakana ndogo huko Marekani, uso wake mbao ya mistari-mistari iliyopigwa msasa mpaka inang'aa bila rangi. Muuzaji alitaka dola 4,300, akasisitiza kwamba likiwa jipya ni mara mbili ya hapo. Kijana yuko mwaka wa pili chuoni. Jumamosi anapiga kwenye harusi, Jumapili kanisani. Baba yake alifariki mwaka juzi, kiwanja kimeuzwa, mirathi imegawanywa, na fungu lake yeye ni shilingi milioni kumi na mbili na kitu. Ukiweka gharama za kusafirisha, ushuru, na VAT ya asilimia 18, fungu lote linaishia kwenye gitaa.

Nilimjibu hapana. Aliponiuliza kwa nini, nikaandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika tena, nikalifuta tena. Shida ni kwamba besi niliyokuwa nimeipakata wakati naandika ni ya namna hiyohiyo. Mwalimu mwenye besi ya milioni nane anamwambia mwanafunzi aridhike na ya laki tano! Hata mimi nisingemsikiliza.

Basi jibu langu ni hili, na si la kwake peke yake. Ni la kila mpiga besi niliyewahi kukaa naye nyuma ya jukwaa akinieleza kwamba siku akipata Fodera, au Sadowsky, ndipo watu watajua yeye ni nani.

Kwanza tuwatendee haki mafundi. Wapo wanaodai besi hizi ni utapeli mtupu, kwamba ni mbao na nyaya zilizobandikwa bei. Wanaosema hivyo hawajawahi kushika randa. Besi ya kiwandani, tangu Leo Fender alipoitoa Precision mwaka 1951, ilibuniwa ili iundwe haraka: kiwiliwili ni kipande bapa cha mbao, shingo inafungwa kwa skrubu nne, ikiharibika unaitoa unaweka nyingine. Ni ubunifu wa akili sana, na ndiyo maana mpaka leo haujabadilika mno. Karakana ndogo hufanya kinyume. Fodera ya Brooklyn, iliyoanzishwa mwaka 1983, hutoa magitaa machache, moja moja. Shingo huunganishwa kwa vipande kadhaa vya mbao ili isipinde, freti husawazishwa kwa mkono, na mwenye oda husubiri miezi. Mafundi hao wanalipa kodi ya nyumba New York. Jumlisha saa zao, bima zao, na mbao zilizohifadhiwa mpaka zikakauka sawasawa, utaona dola 10,000 si kichekesho tena. Kazi imefanyika, na bei inalingana na kazi.

Ila tangazo haliuzi saa za fundi. Linauza toni. Toni ndilo neno linalofungua pochi: ina joto, ina kina, mbao inapumua. Hapo ndipo ninapogoma.

Mwaka 2010, huko Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwaingiza wapiga violini 21 kwenye chumba cha hoteli kilichotiwa giza, wakawavisha miwani ya wachomeleaji, wakawapa violini sita wazijaribu. Tatu zilikuwa mpya. Tatu zilikuwa za kale, kazi ya Stradivari na Guarneri, zile ambazo bei yake inahesabiwa kwa mamilioni ya dola. Waliweka hata manukato kidogo mahali pa kuegemeza kidevu, ili harufu ya mbao ya kale isitoe siri. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivarius. Na wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale na ipi ilitoka karakana juzi.

Miaka minane baadaye Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kikachapisha jaribio la namna hiyo kwa magitaa ya kawaida ya nyuzi za chuma. Magitaa sita, ya fundi mmoja, yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongoni na ubavuni, kuanzia za bei ya kutisha hadi za bei ya kawaida. Wapigaji 52, miwani ileile. Waliyapa yote alama zinazokaribiana.

Na hayo ni magitaa yasiyo na umeme, ambayo sanduku la mbao ndilo linalokuza sauti. Besi ya umeme sauti yake inaanzia kwenye uzi wa chuma unaotikisika juu ya sumaku. Sitasema mbao haina kazi. Inabeba uzito, inashikilia shingo, inaamua sauti ikatike upesi au ikawie. Lakini ukiniambia unasikia aina ya mti ndani ya ukumbi, huku drams zinapigwa na MC anawaita wazazi wa bwana harusi, nitakuomba uvae miwani ya mchomeleaji.

Tena fikiria wanaotusikiliza wanasikilizia nini. Uzi mnene wa E hutikisika mara 41 kwa sekunde, na ule wa B, uzi wa tano ambao kijana wangu anautamani, mara 31. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo. Inachotoa ni zile sauti za juu zinazoambatana na noti, halafu ubongo wa msikilizaji unakisia noti yenyewe. Mpenzi wa muziki aliye kwenye daladala anaitengeneza besi yako kichwani mwake, bure.

Hata hivyo hoja yangu kubwa haitoki maabara. Inatoka kwenye mikanda ya Redio Tanzania Dar es Salaam.

Wengi tuliozaliwa baada ya zama zile tumezikuta nyimbo hizo majumbani, kwenye redio za Jumapili mchana, na besi yake tunaijua kabla hatujajua kwamba ni besi. Inatembea, inasita, inarudi. Ukimuuliza mpiga besi yeyote wa Dar amejifunzia wapi kuacha nafasi kati ya noti, atakutajia NUTA Jazz, au Mlimani Park. Sasa angalia magitaa yale yalikuwa ya nani. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la jiji. Bendi nyingi kubwa za wakati ule zilikuwa za mashirika, za jeshi, za jumuiya za chama, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alikuwa na mshahara na sare. Gitaa hakuwa nalo. Likiharibika linasubiri idara husika, na fedha za kigeni zikiadimika, linasubiri zaidi.

Kuna mzee ninayemheshimu sana ambaye alipiga besi kwenye mojawapo ya bendi za mashirika. Simtaji, hapendi. Nilimwuliza zamani alikuwa anatumia gitaa gani. Akanitazama kama nimemwuliza alikuwa anapanda basi lenye namba gani.

"La bendi," akasema.

"Aina gani, mzee?"

"Mwanangu, la bendi. Nilipohama nililiacha, nikakuta jingine la bendi nyingine. Hilo lilikuwa na ufa shingoni."

Alihama bendi tatu. Nimesikiliza nyimbo alizorekodi kwenye bendi zote tatu, na ni yeye yule: anachelewa kidogo nyuma ya drams, anamaliza mstari kwa noti mbili za haraka kama mtu anayepangusa viatu kabla ya kuingia ndani. Hicho kitu hakikubaki stoo ya mwajiri. Hakikuwa kwenye gitaa.

Marekani ni hivyohivyo, na huko hakukuwa na uhaba wa kusingizia. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi kubwa za Motown, alitumia Precision ya mwaka 1962, gitaa la kiwandani tu, lenye nyuzi nene laini ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike. Alizipiga kwa kidole kimoja. Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya mwaka huohuo isiyo na freti. Mitaro ilizibwa na ubao wa shingo ukapakwa gundi ngumu ya kupakia boti. Paul McCartney alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961 kwa takribani pauni 30, kwa sababu Fender ilimshinda bei. Marcus Miller, ambaye mlio wake unaigwa na nusu ya wapiga besi wa makanisa ya mjini, alijipatia mlio huo kwenye Fender ya mwaka 1977, tena akaja kuweka jina lake kwenye besi za Sire zinazouzwa kwa dola mia chache. Nimezitaja hizi kwa sababu kijana akiniletea majina makubwa na magitaa makubwa, nami nina ya kwangu.

Sasa yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa SACCOS ya kazini, milioni nane, nikanunua besi ya nyuzi tano ya karakana moja ya Ulaya, iliyotumika, ikaletwa na binamu yangu kwenye mzigo wake. Nililipa miaka mitatu. Mwaka huohuo mama, aliyeko Muheza, alikuwa ameniambia bati za chumba chake zimetoboka. Nilimwahidi baada ya masika. Nilipomweleza kuhusu gitaa, nikidhani nampa habari njema, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Sasa hilo linaimba lenyewe?" Bati ziliwekwa mwaka uliofuata. Masika yalipita, na mama alikuwa anahamisha kitanda.

Siku ya kwanza nilipoishika, nikiri, mikono ilifurahi. Shingo nyembamba, freti zote sawa, uzi wa B unasema waziwazi badala ya kuguna kama kwenye besi nyingi za bei nafuu. Ukiikalia kwenye stuli haielekei upande. Nilikesha. Kama kuna kitu nilichonunua kwa milioni nane ni usiku ule, na nyingine kama ule, nikiwa peke yangu na spika ndogo. Siwezi kumdanganya kijana kwamba hakuna tofauti. Ipo, na anayeisikia ni aliyeipakata.

Kisha ikaja harusi ya Mbezi. Saa mbili usiku, tumemaliza nyimbo za kula, tunajiandaa kwa za kucheza, besi ikanyamaza. Betri mpya, waya mwingine, kimya. Yule mzee, ambaye siku hizi hupiga nasi nyimbo mbili tatu za zilipendwa kisha anakaa kula, alikuwa na besi yake kwenye begi la turubai: ya Kijapani, ya zamani, nyuzi nne, rangi imetoka kote mkono unakopita, pikapu moja tu (ya kunasia sauti, si gari). Nyuzi zake sidhani kama zilikuwa na umri mdogo kuliko bibi harusi. Nikaichukua. Tukapiga mpaka saa saba.

Wakati tunafunga vyombo, fundi mitambo akanifuata. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka miwili hajawahi kunisifu. "Leo umefanya nini?" akauliza. "Besi imekaa."

Nikamwambia nimebadilisha nyuzi.

Nimetafakari sana kwa nini ilikaa, na sababu si ya kishirikina. Besi yangu imetengenezwa itoe kila kitu, kuanzia chini kabisa hadi ule mwasho wa juu wa kidole kikigusa chuma. Ukiwa peke yako ni karamu. Ndani ya bendi, chini inagombana na ngoma kubwa ya mguuni, juu inagombana na gitaa la rhythm na matoazi, na fundi mitambo anaanza kukata hapa, kukata pale, mpaka amekutoa nusu ya ulichonunua. Besi ya mzee, kwa nyuzi zake zilizochoka na pikapu yake moja, inatoa sauti ya katikati, nene, isiyo na makuu. Inaingia kwenye nafasi iliyoachwa na wengine. Zile rekodi tunazozipenda zimejaa sauti ya namna hiyo, na wenye kupiga walikuwa hawana ya kuchagua.

Jumatatu nikaipeleka yangu Kariakoo kwa fundi wa redio ninayemwamini, mtu anayefufua amplifaya zilizoungua. Alifungua mgongoni, akakuta saketi yote imezamishwa kwenye gundi ngumu nyeusi. Karakana nyingine hufanya hivyo kukinga unyevu, nyingine kukinga wezi wa michoro. Akagonga kwa bisibisi. "Hii wameizika," akasema. Ilibidi irudi Ulaya. Ilikaa huko miezi mitano, na kwa miezi mitano nilifanya kazi kwa besi ya kuazima, nikilipa mkopo wa besi isiyokuwepo. Methali tunayopigwa nayo dukani ni kwamba cha rahisi ni ghali. Sawa, lakini kisichoweza kufunguliwa na fundi yeyote kuanzia Dar mpaka Mwanza kina ughali wake pia, na huo hauandikwi kwenye bei.

Jambo jingine linaloniuma ni mbao. Sifa kubwa ya besi hizi kwenye matangazo ni mbao "za kigeni": wenge, bubinga, mpingo. Za kigeni kwa nani? Wenge ni mti wa misitu ya Kongo, Kameruni na Gaboni. Wapenzi wa muziki wa Kinshasa wanalijua jina hilo kwa sababu ya Wenge Musica. Bubinga hutoka misitu hiyohiyo, na umekatwa kiasi kwamba tangu mwaka 2017 biashara yake inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa wa CITES. Mti unatoka kwa jirani kama gogo, unavuka bahari, unapigwa msasa, unapewa jina la kupendeza, kisha kijana wa Dar anaambiwa atoe mirathi aupate kwa ugeni wake. Mafundi wa Brooklyn hawana kosa kwa kupenda mbao nzuri. Mimi ndiye ninayeona aibu, kwa kuwa niliwahi kujivunia shingo ya wenge mbele ya mpiga solo kutoka Lubumbashi, naye akacheka mpaka akaweka soda chini.

Wenye besi hizi wana hoja moja ambayo sijaweza kuivunja, nami naiweka hapa kwa sababu kijana ataikuta tu. Katikati ya miaka ya 70, Anthony Jackson wa New York alitaka besi yenye nyuzi sita, moja chini zaidi na moja juu zaidi ya zile nne. Hakuna kiwanda kilichokuwa nayo. Mwaka 1975 fundi Carl Thompson akamtengenezea. Baadaye Fodera wakaendelea kuiboresha pamoja naye kwa miaka mingi. Yule hakununua toni. Alikuwa na noti kichwani ambazo hazikuwa na gitaa, akaenda kwa mtu anayeweza kulitengeneza. Leo duka lolote lina besi ya nyuzi tano au sita kwa bei ya simu, na sehemu ya njia hiyo imelipiwa na walioagiza za kwanza. Kwa mtu kama huyo karakana ni jibu, na dola elfu kumi ni sawa. Nimemwuliza kijana ana noti gani kichwani ambayo besi yake ya sasa inamkatalia. Hajanitajia.

Nitaulizwa kwa nini yangu sijaiuza. Naipenda. Ni kitu kizuri kilichotengenezwa na watu wanaojua kazi yao, na mtu ana haki ya kupenda kitu kizuri akikilipia kwa pesa ambayo haikuwa na kazi nyingine. Yangu ilikuwa na kazi nyingine. Ya kijana ina kazi nyingine. Ada ya mwaka wa tatu haijalipwa, na ana mdogo wake wa kike kidato cha nne. Anachonisumbua nacho ni kunihakikishia kwamba gitaa hili ni uwekezaji, kwamba litamlipa. Harusi moja inamlipa elfu themanini. Nilimpigia hesabu: harusi zaidi ya 130 ili arudishe bei tu, bila nauli ya bodaboda. Alisema akiwa na besi ile watamlipa zaidi. Nilipomwuliza nani, alinitajia fundi mitambo yuleyule.

Besi yake ya sasa naijua. Ni ya Kichina, ilinunuliwa laki nne na nusu, na tangu atoke nayo dukani haijawahi kuguswa. Shingo imeinama mbele kwa unyevu wa Dar, nyuzi ziko juu mno, freti ya saba na ya tisa zinakwaruza. Kila anapopiga anapigana. Anadhani anapigana na ubora, kumbe ni skrubu za kurekebisha urefu wa nyuzi na chuma kilicho ndani ya shingo, vitu vya nusu saa. Nyuzi mpya ni kama laki moja. Kusawazisha freti kwa fundi wa Kinondoni ni elfu hamsini, sabini akiwa na foleni.

Nimemwambia aje Jumamosi asubuhi kabla ya harusi, aje na gitaa, nyuzi mpya, na ufunguo wa Allen uliokuja nalo kwenye boksi. Amesema ufunguo ameupoteza. Ninao. Mzee naye nimemwomba apite. Hajui lolote kuhusu chuma cha shingoni, lakini nataka aishike ile ya Kichina tukishamaliza, apige wimbo mmoja, na kijana akae kiti kinachotazamana naye.

Muuzaji wa Marekani amempa mpaka Jumatatu.